Mutomboko kwa njia ya mtumbwi: kutoka Lubumbashi hadi Mwansabombwe

Jumatano, Lubumbashi – Kasomeno – Kasenga

Kombi ya Kasenga haina saa ya kuondoka. Inaondoka ikijaa, na ikishajaa dereva anakumbuka kwamba bado kuna nafasi ya watu watatu. Mimi na mujomba tulifika kituoni gizani, makoti yamefungwa hadi shingoni, maana Julai kwetu Katanga ni mwezi wa baridi. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshapanda na makoti tumeyakalia.

Safari yenyewe ni ya Mutomboko, sherehe ya Mwata Kazembe, mfalme wa Balunda wa Luapula. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Julai huko Mwansabombwe, upande wa Zambia. Kutoka Lubumbashi unaweza kuzunguka kwa Mokambo hadi daraja la Chembe, lile la Levy Mwanawasa lililofunguliwa 2008, kisha ukapanda Mansa na kuteremka bondeni. Hiyo ni njia ya wenye gari na pasipoti. Nyingine ni Kasenga, halafu mtumbwi. Mujomba hakutaka hata kuisikia ile ya kwanza. "Bankambo betu bote balivuka mu maji," alisema. "Miye nipite ku daraja juu ya nini?"

Njiani tulipishana na wasukuma makala, yaani mkaa. Kila baiskeli imebebeshwa magunia mpaka mwenyewe haonekani, miguu tu ndiyo inayotembea nyuma ya mzigo. Wanasukuma kuelekea mjini, sisi tunaelekea walikotoka. Msitu kando ya barabara umekonda sana tangu nilipopita mara ya mwisho. Hilo ni jambo la kuandikiwa siku nyingine.

Mujomba akaanza kusimulia kabla hatujamaliza mikate. Mama yake alizaliwa ng'ambo, baba yake alikuwa mtu wa Kasenga, na yeye mwenyewe amezeekea Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kwa hiyo ana hadithi za pande tatu. Balunda wa Luapula, alisema, wametoka kwetu, si kwingine: Musumba kwa Mwant Yav, mfalme mkuu wa Balunda, huko Kapanga, ambako leo ni mkoa wa Lualaba. Waliondoka kwa sababu ya chumvi. Chinyanta aligundua mahali penye chumvi, akampelekea mfalme habari. Mkubwa wake, Mutanda Yembeyembe, aliyekuwa ameficha siri hiyo, akakasirika, akawakamata Chinyanta na ndugu yake Kasombola, akawazamisha mtoni Mukelweji, katika maji yanayokwenda Lualaba. Mwant Yav akampa cheo mtoto wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, naye ndiye anayehesabiwa kuwa Kazembe wa kwanza. Wakamfukuza Mutanda kuelekea mashariki, wakavuka Lualaba, wakaendelea, vizazi vikapokezana, hadi wakaufikia mto Luapula na kuuvuka katika karne ya 18.

"Kwa hiyo ni hadithi ya Congo," nikasema.

"Ni hadithi ya bantu," akanijibu. "Congo ilikuwa haiyazaliwa."

Kasomeno ndipo barabara inapogawanyika, moja ikienda Pweto na nyingine Kasenga. Tulikula hapo samaki wa kukaanga na bukari (ugali) ya mihogo, tumesimama. Wote pale wanazungumzia ile barabara ya kulipia inayotoka Kasomeno kwenda Mwenda, Zambia, pamoja na daraja lake jipya juu ya Luapula. Mujomba hakuchangia neno. Tuliingia Kasenga usiku, vumbi limetufanya wote tuwe na umri mmoja.

Alhamisi, Kasenga – Kashiba – Mwansabombwe

Kasenga ni mji uliojengwa na samaki. Zamani za Wabelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walijaa hapa na maboti yao na barafu yao, wakipeleka samaki Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kulisha wafanyakazi wa migodi. Baadhi ya nyumba zao bado zimesimama karibu na maji, baraza pana, plasta inabanduka, na ndani mna familia zinazoanika mihogo pale walipokuwa wakipima mizigo. Samaki mkubwa wa enzi hizo alikuwa mpumbu, aliyepanda mto kwa makundi wakati wa kutaga. Walimvua wakati huohuo wa kutaga, mwaka baada ya mwaka, mpaka mpumbu akaadimika hata kabla ya uhuru. Muulize mvuvi yeyote wa leo atakwambia kuhusu samaki aitwaye pale na wengine. Mpumbu anamtaja kama mtu anavyotaja marehemu.

Kwenye gati tulisubiri jetoni, kile kikaratasi cha kuvukia cha watu wa mpakani. Kwa bei rasmi ingekuwa kazi ya dakika tano. Tulisubiri asubuhi nzima, maana bei ilikuwa ikibadilika kila anapokuja mtu mwingine wa kuiandika. Sitataja ofisi. Aliyewahi kuvuka anaijua.

Kusubiri huko kulikuwa na faida moja: mujomba alipata wasikilizaji. Akiwa amekaa juu ya gunia la mahindi la mtu, aliwasimulia Nachituti. Nchi hii na maji haya, kabla ya Balunda, vilikuwa vya Bashila, wavuvi, na mkubwa wao alikuwa Nkuba. Nkuba alikuwa na dada, Nachituti. Nkuba akamwua mtoto wa dada yake huyo, akamchuna ngozi, akaifanya kitu cha kukalia. Siku moja katika unywaji wa pombe, mama mtu akaja kujua kwamba ngozi ile ni ya mwanawe. Hakulia mbele ya watu. Alifunga safari hadi kwa Kazembe, akamwomba amlipizie. Balunda wakamwua Nkuba, wakamletea Nachituti kichwa. Naye, kwa kulipa, akampa Kazembe udongo katika kikapu na maji katika chombo: chukua nchi, chukua ziwa na mito.

Mama mmoja mwenye beseni la vitumbua alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mwanamuke moja tu, na kisirani yake, anatoa ziwa muzima." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nautazama mto, mpana, wa rangi ya chai, na upande wa pili matete yaleyale na moshi uleule wa samaki. Mkataba wa Waingereza na Mfalme Leopold wa 1894 ndio uliouweka mpaka hapa. Balunda walikuwa na ng'ambo zote mbili. Waliolala upande huu wakaamka Wakongo.

Kuvuka kwenyewe ni jambo fupi. Mashine ilizimika katikati, kijana akaipiga teke, ikawaka. Pale Kashiba walitupokea kwa "Mwaiseni", yaani karibuni, wakatupigia muhuri, na basi dogo likatuchukua kwa mkono wa kushoto wa barabara. Mujomba alishika kiti kila gari lilipokuja mbele yetu. Lami ilikuwa nzuri mpaka nikasinzia. Tulilala kwa nkambo mmoja wa ukoo wa mama yake, bibi asiyejua Kifaransa hata neno, ila anajua Kiswahili cha sokoni kwa sababu, alisema, wateja wake wa samaki wote wanatoka "kwa Lubumbashi".

Ijumaa, Mwansabombwe

Mtu akiambiwa "ikulu ya mfalme" anaweza kutegemea ngome. Mwansabombwe ni kijiji kirefu kilichotandazwa kando ya barabara, nyuma yake kuna wangwa wa Mofwe, na katikati kuna Chipango, makao ya Mwata, yenye ua na walinzi na ngoma zake. Leo kijiji kimevimba. Kampuni za simu zimesimamisha mahema ya rangi, bia ina jukwaa lake na spika zake, na kati ya hayo yote kina mama wa kienyeji wamekaa chini na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kwenye ndoo, kikanda cha viazi vya okidi na karanga kilichokatwa vipande, finkubala (viwavi) waliokaangwa, samaki wa moshi. Nilikula kikanda nikasema kina ladha ya cha nyumbani. Muuzaji akanitazama kana kwamba nimesema maji yana ladha ya maji.

Nilitembea na kijana mwalimu, mjukuu wa nkambo wetu, mtu wa kupenda tarehe. Akanivunjia dhana yangu mapema. Sherehe hii unayoiona, alisema, si ya kale namna unavyodhani. Mwata anapotawazwa hucheza, ndiyo desturi. Lakini kuicheza kama sherehe ya umma kulianza na kutawazwa kwa Mwata Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba, 1961, na ilikuwa ya kila mwaka tangu 1971. "Watalii wanaandika kwamba ni ya miaka mia tatu. Safari ndiyo ya zamani. Sherehe ina umri wa baba yangu."

Nilimwuliza kama hilo halimsumbui. Akasema hapana, linamsumbua mtu anayedhani mila huokotwa chini kama jiwe. Nami nakubaliana naye zaidi ya alivyojua. Sisi wa upande wa pili tuna kumbukumbu zilezile, tena chanzo cha safari kiko kwetu, lakini hatuna siku. Mtu akifa na hadithi yake hapo Kasenga, hakuna Jumamosi ya Julai itakayomlazimu mjukuu aulize. Hapa mtu mmoja aliamua kuweka siku, na sasa mtoto wa miaka saba anajua jina la Chinyanta.

Mwalimu alikuwa na orodha ndefu ya wageni waliowahi kufika hapa kabla yetu. Francisco José de Lacerda e Almeida, Mreno, alikuja 1798 akitafuta njia ya kuunganisha Msumbiji na Angola, akafa huku Oktoba mwaka huohuo. Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara Waafrika waliotumwa na Wareno, walitoka Angola wakafika 1806, wakazuiwa miaka kadhaa, wakatokea Tete 1811. Livingstone alikuja mwishoni mwa 1867 na kumkuta mzee wa pwani, Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amekaa kwa Kazembe miaka mingi bila kuruhusiwa kuondoka. Baadaye wakatoka pamoja. Kwa hiyo Kiswahili kilishasikika kwenye ua wa Mwata zamani kuliko Kiingereza. Nilimwambia mwalimu hivyo. Akacheka, akasema basi nihutubie kesho.

Na kuna 1899, ambayo hakuicheka. Waingereza walileta askari, wakauchoma mji. Mwata Kazembe wa 10 alikimbilia kwa wamisionari kwenye maporomoko ya Johnston, ambayo leo yanaitwa Mambilima, na ni kwa upatanisho wao alirudi. Aliporudi alirudi chini ya bendera ya mtu mwingine.

Jioni kina mama walipita wamebeba vyakula na pombe kuelekea Chipango, wakiimba, mizigo kichwani, vikwembe vya sare vilivyoshonwa kwa ajili ya mwaka huu. Ni haki ya Mwata kuletewa. Mujomba alijiunga nyuma yao na kuku mmoja aliyemnunua sokoni. Walinzi walimpokea kuku huyo kwa heshima zote.

Jumamosi, Mwansabombwe

Usiku haukuwa na usingizi kwa sababu ya mondo, ngoma ya gogo isiyo na ngozi, ambayo haipigwi kwa ajili ya kucheza bali kwa kusema. Nkambo alikuwa amejilaza akiifasiri: inawataja waliokufa, sasa inawaita wakubwa, sasa inamsifu yule. Mimi nilisikia sauti mbili, ya juu na ya chini. Yeye alisikia ukoo mzima.

Asubuhi Mwata alitoka. Huyu ni wa 19, Paul Mpemba Kanyembo Kapale Mpalume, aliyeshika kiti 1998. Alikuwa amepakwa poda nyeupe, na watu wakanyamaza kwa namna ambayo haikulazimishwa na polisi. Wakaenda naye hadi mto Ng'ona. Ng'ona ni kijito tu. Wewa, yaani bodaboda wa Lubumbashi, angekipita bila kupunguza mwendo. Lakini pale Mwata huwatupia chakula na kinywaji wazee wake waliozama, Chinyanta na Kasombola. Hao walizama mbali sana na hapa, huko kwetu, katika maji ya Lualaba. Nilisimama nyuma ya mistari ya watu nikiona mgongo wa Mwata tu na mkono ukitupa. Mujomba alikuwa amevua kofia. Hakusema lolote, na kwa mtu yule hilo ni tukio.

Baada ya hapo ni kusubiri. Jua, vumbi, hotuba. Waheshimiwa walisema waheshimiwa wanayosema: utalii, maendeleo, barabara. Mtangazaji alitaja wajumbe mmoja mmoja, wakiwemo machifu wengine wa Kilunda, na alipotaja "ndugu zetu kutoka Congo" tulipiga makofi sana, labda kupita kiasi. Mujomba aliniinamia: "Unaona sasa? Tuko bageni ku feti ya kwetu." Hakulisema kwa uchungu. Ila alilisema mara mbili.

Alasiri wakamleta Mwata kwa muselo, kitanda cha kubebwa mabegani. Wabebaji hawatembei, wanayumba naye, wanapanda na kushuka, na umati unayumba upande huohuo. Amevaa mukonso, ile nguo kubwa yenye mikunjo mingi inayofungwa kiunoni, na kichwani manyoya mekundu. Gamitto, ofisa wa Kireno aliyekuja 1831, aliandika kuhusu manyoya mekundu kichwani mwa Kazembe wa wakati ule. Nikajikumbusha hilo ili nisijifanye mjuaji: sherehe ina umri wa baba wa mwalimu, lakini manyoya yana umri wao wenyewe.

Kwanza wengine wanacheza: watoto wa ukoo, wakubwa, kina mama wa jamaa ya kifalme. Wapo waliocheza vizuri kuliko Mwata. Nadhani naruhusiwa kusema hivyo nikiwa upande huu wa mto. Kijana mmoja, labda wa miaka kumi na miwili, alishika shoka la mbao akakanyaga ardhi kwa hasira ya kweli kabisa, wazee wakamtupia pesa.

Kisha akaja mwenyewe, upanga mkononi na shoka la kifalme mkono wa pili. Nilikuwa nimetarajia mbio na kuruka. Sivyo. Ni hatua za mtu anayefuatilia kitu porini: anasogea, anasita, anageuka ghafla, anarudi nyuma nusu ya hatua, anakata hewa. Ngoma zinamfuata, si yeye anayezifuata. Nilipoacha kutafuta mdundo nikaanza kuona ile safari: hapa wanavuka, hapa wanapigana, hapa wamepotea, hapa wamepata njia. Mwishoni alielekeza upanga pande zote za dunia, kisha juu, kisha chini. Mwalimu alinipigia kelele sikioni: pande zote amezishinda au anaweza kuzishinda, na aliye juu yake ni Mungu tu, mpaka ardhi itakapompokea. Vigelegele vilifunika maneno yake ya mwisho. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti, juu ya magari, juu ya matawi. Jukwaa la bia lilikaa kimya kwa muda, halafu likafungua muziki kwa sauti kubwa kabla vumbi halijatulia. Ningekuwa na mamlaka ningelipeleka kilomita mbili kutoka hapo.

Jumapili, Mwansabombwe

Kanisa, usingizi, samaki. Takataka za plastiki barabarani, na vijana wenye toroli wakizizoa. Mujomba alikwenda kusalimia makaburi ya jamaa za mama yake. Aliomba aende peke yake.

Jumatatu, Kashiba – Kasenga – barabarani

Kurudi kulikuwa rahisi zaidi ya kwenda, isipokuwa Kasenga walitutoza kwa kurudi nchini kwetu wenyewe. Kombi ilipasuka tairi kabla ya Kasomeno. Tulikaa kando ya barabara juu ya mizigo, na mujomba, akiona abiria hawana la kufanya, akaanza tena Nachituti.

Alipofika kwenye udongo na maji, mama mmoja aliyekuwa amelalia magunia ya samaki wa moshi akainuka. "Papa, simama kwanza. Miye niko Mushila wa Kashobwe. Hiyo hadithi unaisema sawa Mulunda."

"Inasemwa namna gani tena?"

"Nkuba alikufa, sawa. Dada yake alikasirika, sawa. Lakini ule mwanamuke alitoa ziwa ya nani? Yake? Mpaka leo mwenye kusema na maji ni Bashila. Mulunda akitaka kuvua, anauliza kwanza."

Mujomba alijaribu kumletea Chinyanta na Musumba. Mama akamwambia hayo ni ya Balunda na yabaki kwa Balunda. Dereva akaingilia, yeye ni Muluba, akasema kwao pia kuna chifu aliyeuziwa nchi na mtu asiye mwenyewe. Tairi lilipokuwa tayari hakuna aliyetaka kupanda kwanza, maana kijana mmoja wa nyuma alikuwa ametaja Bunkeya, na jina hilo liliamsha wote. Bayeke, alisema, wana siku yao: kila tarehe 20 Desemba wanamkumbuka mfalme wao M'siri, aliyeuawa tarehe hiyo 1891 na watu wa kapteni Stairs, aliyetumwa na Mfalme Leopold. Iko hapa kwetu, haitaki jetoni wala mtumbwi.

Mujomba akaguna. M'siri, alisema, alipita kwanza kwa Kazembe akaomba njia, na akishapewa njia akachukua nchi. Kwenda kumshangilia huyo? Mama wa Kashobwe akamwuliza kama Kazembe alifanya tofauti.

Tuliingia Lubumbashi saa tano usiku. Mujomba aliteremka kwa shida, magoti yamekakamaa, akachukua kifurushi chake cha samaki alichokinunua kwa mama yule kwa bei ambayo hakutaka kuitaja. Kabla ya kupanda wewa aliniuliza kombi za Bunkeya zinaondokea wapi.